Kopi zinazotoka bila kazi

Nina duka la stesheni hapa Moshi, njia ya kwenda hospitali, na mtu yeyote aliyefanya biashara karibu na chuo cha udaktari anajua kuna miezi hapa hapakaliki, wanafunzi wote wanatoa risachi zao wiki moja, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake na kila flashi ina virusi. Mi nimeishia kidato cha nne na bayolojia nilipata D, nasema mapema mtu asije akanishika shati huko mbele. Ila ukikaa miaka 11 unaprinti kazi za watu huwezi kukwepa kusoma. Nimesoma malaria, nimesoma uzazi wa mpango, nimesoma minyoo ya watoto wa shule, yote nikiwa nimesimama nasubiri karatasi zitoke.

Sasa kuna dada mmoja alikuja usiku nishashusha nusu ya mlango. Kurasa 64, spiro, kava la bluu. Nikamwambia daktari mashine nimezima, njoo asubuhi. Akaanza, mangi nakuomba, mangi kesho saa tatu nakutana na supavaiza, mangi we ni kaka yangu. Haya, nikawasha. Ukurasa wa 31 ukajam. Nikafungua mashine nikauvuta taratibu, umekunjamana kama shati la mlevi, na hapo ndo nikaona mchoro wenyewe, mstari mrefu una vibox sita vimepangwa foleni, cha nne kimepigwa eksi. Nikamuuliza hiki kimekosa nini? Akasema hicho kimekufa zamani, ila bado kinatolewa kopi.

Nikamwambia kwa hiyo daktari na wewe unasomea stesheni.

Alicheka halafu akavuta stuli akakaa, na hapo tukapoteza kama saa nzima, mashine inazunguka, yeye anaeleza, mimi nauliza maswali ya kijinga. Nikienda nyumbani nikawa natafuta mwenyewe kwenye simu, usiku kwa usiku, bando limeniisha mara mbili wiki hiyo. Hiki nachoandika ni nilichoelewa kuhusu jeni zilizokufa ambazo bado zinatolewa kopi.

Iko hivi. Ndani ya seli kuna kitabu kikubwa, DNA, herufi kama bilioni 3. Kitabu hakitoki ofisini hata siku moja. Kikihitajika kitu, unatolewa kopi ukurasa uleule unaohusika, kopi hiyo ndo inaitwa RNA, inapelekwa nje kwa fundi, na fundi (ribosomu) anaisoma herufi tatu tatu huku anaunganisha protini, mpaka akute neno linalomwambia simama. Ukurasa wenye maelekezo ndo jeni. Jeni za kutengeneza protini mtu anazo kama 20,000 tu, na maelekezo yenyewe ya protini hayafiki asilimia 2 ya kitabu kizima. Na humohumo kuna kurasa nyingine 14,000 na zaidi ambazo ukizitazama kwa haraka unasema hii ni jeni, ina kichwa cha jeni, ina maneno ya jeni, lakini ukisoma kwa makini imeharibika katikati. Hizo wanaziita sudojeni, jeni bandia. Jina lenyewe limeanza 1977 huko Uingereza, na hawakuanza na binadamu, walikuwa wanachunguza chura wa Afrika anaitwa Xenopus. Chura wetu kabisa.

Kuharibika kwenyewe kunatokeaje, hapa mimi nilielewa kabla hajamaliza sentensi, kwa sababu yaliwahi kunikuta. Kuna mwaka nilipewa kazi ya kuchapa matokeo ya shule flani kwenye Ekseli, majina kushoto, alama kulia, watoto 200 na zaidi. Kwenye safu ya alama nikafuta kisanduku kimoja kimakosa, alama zote za chini zikapanda hatua moja. Kuanzia mtoto wa 48 kwenda chini kila mtu kapewa alama za mwenzake. Nikaprinti, nikatoa kopi, zikagawiwa kwa wazazi. Mashine haikulalamika, kopi zilitoka safi kabisa, nyeusi tii. Ndo hivyohivyo kwenye jeni, fundi anasoma tatu tatu, ukiondoa herufi moja tu kila kitu baada ya hapo kinahama, maneno yanakuwa mengine, na kwa kawaida mbele kidogo anagongana na neno simama lisilotakiwa kuwepo. Protini inatoka kipande. Kopi ilitoka, ndio, lakini kazi hakuna. (Hela ya ile kazi ya matokeo sikulipwa, na sikudai.)

Mfano ulioniumiza ni wa damu. Mimi ni group O, nimechangia damu mara nne, kadi ninayo. Kumbe O maana yake ni jeni iliyoharibika! Jeni ya ABO iko kwenye kromosomu ya 9, yaani juzuu ya 9 ya kile kitabu, kazi yake kutengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari flani juu ya chembe nyekundu. Mwenye A anabandika sukari moja, mwenye B nyingine, mwenye AB zote mbili. Sisi wa O wengi wetu imetoka herufi moja tu, G moja, mpangilio ukahama, kimeng'enya kikakatika mapema kikawa hakibandiki kitu. Waligundua hivyo mwaka 1990. Nikamwambia mama yangu, yeye ni wa Kibosho na anajua kila kitu, akasema sasa hiyo si ndo damu wanayoitafuta hospitali kuliko zote? Nikasema ndio mama, wanaitafuta kwa sababu haijabandikwa kitu, mwili wa mgonjwa hauoni cha kugombana nacho. Akasema basi haijaharibika. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Na ana hoja, maana mwaka 2007 ulitoka utafiti wa watoto wa Mali ulioonyesha wa group O wanapata malaria kali kwa uchache kuliko wengine, kwa sababu chembe zenye vimelea zinashindwa kujikusanya vizuri na chembe nyingine na kuziba mishipa midogo. Ukiishi nchi ya mbu, kukosa kile kimeng'enya si hasara.

Kuna nyingine inaitwa CASP12, hiyo ndo vurugu kabisa. Watu wengi sana duniani wanayo ina neno simama katikati, imekufa, lakini baadhi ya watu wenye asili ya Afrika bado wanayo nzima inafanya kazi. Nikashika kifua, nikasema safi, sisi tunazo original. Yule dada akaniangalia tu. Mwaka 2004 watafiti waliona wenye nzima ndo wanaozidiwa zaidi wakipata sepsisi, yaani maambukizi yakishaingia kwenye damu. Hapo unajivunia nini.

Halafu kuna aina ya pili ya kufa ambayo kwa mtu wa stesheni ni burudani tupu. Mteja anakuletea cheti, we unakiskani, unahifadhi kwenye kompyuta ukiamini ni orijino. Baada ya mwaka anarudi, unakiprinti, unaona pembeni kuna kivuli cha pini. Basi unajua, hii haikuwa orijino, hii ilikuwa kopi ya mtu. Kwenye DNA kuna kitu hichohicho. RNA ikishatolewa kopi huwa inahaririwa, vipande vya katikati visivyohitajika vinakatwa, na mwishoni inawekewa mkia wa herufi A nyingi mfululizo. Sasa ndani yetu kuna vipande vya DNA vinavyojikopi vyenyewe, vinaitwa LINE-1, vina mashine ya kugeuza RNA irudi kuwa DNA, na mashine hiyo wakati mwingine inadaka RNA ya jeni nyingine, inaigeuza, inaichomeka sehemu yoyote tu kwenye kitabu. Kwa hiyo mtafiti akikuta kitu kinafanana na jeni lakini hakina vile vipande vya katikati na mwishoni kina masalia ya mkia wa A, anajua hii ni kopi iliyorudishwa kwenye faili. Kivuli cha pini hicho. Na sudojeni zetu nyingi zaidi ni za namna hii. Kwa kuwa zimechomekwa popote, nyingi hazina swichi ya kuwashia, zinakaa kimya. Ila ikiangukia jirani na swichi ya mtu mwingine, inawaka, inaanza kutolewa kopi kama kawaida.

Mfano mwingine umenigusa kwa sababu ya nyama. Kama umeshakula ndafu kwenye harusi ya huku, ile sehemu ya shingo, unajua unavyotafuna mpaka masikio yanacheza. Sokwe asingehangaika hivyo. Kuna jeni inaitwa MYH16, inatengeneza protini ya misuli ya kutafunia, sokwe na nyani wanayo nzima, sisi imetoka herufi mbili ikahama. Walioliona hilo ni timu ya Hansell Stedman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 2004, na kilichonishangaza ni kwamba walipoangalia misuli ya taya ya binadamu walikuta kopi za RNA za hiyo jeni bado zinatoka. Mpaka leo. Unavyosoma hapa umekaa, taya zako zinatoa kopi ya ukurasa ambao haujazaa protini inayofanya kazi kwa miaka zaidi ya milioni mbili.

Wenyewe walikadiria milioni 2.4, wakasema pengine taya kulegea ndo kuliruhusu fuvu litanuke ubongo ukue. Stori tamu, na sisi wa kanda hii tungeipenda kwa sababu fuvu la Zinja, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye meno ya magego makubwa kama nini sijui, aliloliona mtafiti Mary Leakey pale Oldupai mwaka 1959, lina miaka kama milioni 1.75 na lina mgongo juu ya kichwa wa kushikilia misuli ya taya (ni tawi la pembeni lakini, sio babu yetu wa moja kwa moja, kabla hamjaanza). Ila mwaka uliofuata wengine walihesabu upya kwa herufi nyingi zaidi wakapata zaidi ya miaka milioni 5, na hapo hadithi ya ubongo inalegea, maana ubongo ulikuja kukua baadaye sana. Mimi naamini herufi kuliko hadithi.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, maana kuna ugomvi, na mimi nina upande.

Swali ni hili, kama kitu kinatolewa kopi, je ina maana kina kazi? Mwaka 1972 kuna mtaalamu anaitwa Susumu Ohno alisema sehemu kubwa ya DNA yetu ni takataka tu, na watu wakazoea hivyo. Halafu Septemba 2012 mradi mkubwa unaitwa ENCODE ukatangaza kwamba asilimia 80 ya DNA ya binadamu ina shughuli flani ya kibayokemia, wakatumia neno kazi, magazeti yakashangilia kwamba takataka imekufa. Sehemu kubwa ya hiyo asilimia 80 ilikuwa ni kwamba tu inatolewa kopi za RNA. Mwaka uliofuata mwanasayansi Dan Graur na wenzake wakawajibu kwamba kutolewa kopi si sawa na kuwa na kazi, tena kwa hasira ambayo sikujua wanasayansi wanaruhusiwa.

Mi nakaa na Graur, na sababu yangu iko nyuma ya mashine yangu. Fotokopi ina kaunta. Kila karatasi ikipita inahesabu moja. Fundi akija anasoma kaunta na ananichaji kwa hiyo, hata nikilia. Lakini humo ndani kuna karatasi zilizojam, kuna za kutesti tona, kuna siku kijana wangu aliweka kitambulisho kichwa chini akabonyeza 50 badala ya 5, kuna siku mashine ilitoa kurasa nyeusi tupu 19 mpaka nikachomoa waya. Kaunta imehesabu zote. Ukija ukasoma kaunta ukasema duka hili limetoa huduma hizo zote utakuwa hujanikosea adabu, ila utakuwa hujui biashara. Mashine ikiwa imewashwa inakula karatasi. Seli nayo, mashine ya kutoa kopi ikikuta mahali panafanana na swichi inaanza, haiulizi hii ni ya nini. Na kopi nyingi za namna hii zinatoka chache mno, halafu zinachanwa haraka, maana seli nayo ina utaratibu wa kuchana kopi zilizokatika.

Lakini, na hapa ndo yule dada aliniweka sawa, huwezi pia kusema zote ni za kuchana.

Alinipa ya PTENP1. Kuna jeni muhimu inaitwa PTEN, inazuia seli zisizaliane ovyo, ikipungua nguvu kansa inapata nafasi. Kopi zake huwa zinawindwa na vijiRNA vidogo vidogo vinaitwa maikroRNA, vikizishika zinanyamazishwa. Sasa PTENP1 ni sudojeni yake, kivuli cha pini kabisa, haitengenezi protini ya kufanya kazi, lakini kopi yake inafanana na ya PTEN kiasi kwamba vile viwindaji vinaidaka yenyewe. Mwaka 2010 timu ya Pier Paolo Pandolfi ya Boston ndo ilionyesha hivyo. Ni kama mama mmoja ninayemjua sokoni, mbele ameweka meza mbovu yenye nyanya zilizolainika, mgambo wakija wanahangaika kubeba ile, mwenye mzigo wa maana nyuma kashakunja turubai kaondoka. Nyanya zenyewe hazikuwa za kuuza. Ila wapo wanaobisha wanasema kopi za chambo kwa kawaida ni chache mno, mgambo ni wengi, meza moja haiwezi kuwashughulisha wote. Ugomvi huo haujaisha.

Na kuna XIST, hiyo haibishaniwi. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na mtafiti Mary Lyon tangu 1961 alisema moja inazimwa. Kinachozima ni RNA, kopi ndefu ya herufi kama 17,000, haitengenezi protini yoyote, inaenda kuifunika ile X nzima kama turubai. Iligunduliwa 1991, na baadaye wakaja kuona baadhi ya vipande vyake vimetokana na jeni ya zamani ya protini iliyokufa. Nilisoma hapo mara tatu. Ilikufa kwenye kazi ya protini, halafu baadhi ya karatasi zake zikapewa kazi ambayo bila hiyo mtoto wa kike hazaliwi.

Turudi kwenye vibox sita maana sijamaliza. Risachi ya dada ilikuwa ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na vile vibox ni jeni za familia ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, zimekaa foleni kwenye kromosomu ya 11. Ya kwanza ni ya kiinitete, mbili za mtoto akiwa tumboni, halafu yule aliyekufa, HBBP1, halafu mbili za mtu mzima, na ya mwisho kabisa ndo inayobadilika herufi moja mtu akapata selimundu. Mtoto mwenye selimundu akizaliwa anakuwa mzima tu kwa miezi ya mwanzo kwa sababu bado anatumia zile za tumboni, zikizimwa ndo shida inaanza. Kwa hiyo kila anayetafuta dawa anataka kujua swichi ya kuhama kutoka hizi kwenda zile, na marehemu kakaa palepale mpakani. Haitoi protini inayofanya kazi, lakini kopi zake zinatoka, na miaka ya karibuni kuna waliogundua kwamba kopi hizo zinahusika katika utengenezaji wa chembe nyekundu.

Kesho yake saa sita dada akarudi na risachi ileile, spiro imefunguliwa. Nikajua tayari. Supavaiza kapitisha kila kitu, ila kila dada alipoandika kwamba sudojeni hizi hazitengenezi protini inayofanya kazi kaongeza kwa kalamu nyekundu neno moja, huenda. Kwa sababu kuna ambazo watu waliandika zimekufa halafu mwingine akaja na vipimo vizuri zaidi akakuta protini. Neno moja, kurasa tisa. Alikuwa amenuna, anasema mangi, usiku kucha kwa ajili ya huenda.

Nikamtolea kurasa tisa tu, nikazichomeka, nikafunga spiro upya, sikumchaji spiro. Zile tisa za zamani alisema tupa. Situpi karatasi iliyo nyeupe upande mmoja, nimezikata nusu nikabana na pini, ndo daftari langu la madeni la mwezi huu. Mwalimu wa jirani anadaiwa 3,400 nyuma ya HBBP1.